Mwalimu wa Malori ya Vita

Ukimpa Mwalimu picha ya zamani, hakuwa mtu wa kuangalia watu. Sisi wengine huanza na nyuso: huyu ni nani, alikuwa bado kijana, mbona hacheki. Yeye alianza chini kabisa, kwenye matairi. Alihesabu nati za gurudumu, akapanda hadi kwenye madigadi, akakagua rejeta, boneti, mlango na kioo, na mwisho kabisa ndipo akaisoma namba ya gari, kama ilionekana. Waliosimama mbele ya gari walikuwa kizuizi tu. "Laiti wangesogea kidogo," alikuwa akisema, kana kwamba bado wangeweza kumsikia.

Nilimjua dukani. Mimi ni Mkenya, kwetu ni Nakuru, na tangu nilipokuja Muscat nimekuwa nikifanya kazi katika duka la picha kule Ruwi, nyuma ya kituo cha mabasi. Tunapiga picha za pasipoti, tunachapisha kadi za harusi, tunasafisha picha za zamani zilizoliwa na wadudu. Siku ya kwanza aliingia amevaa abaya na viatu vya raba, miwani miwili ikining'inia shingoni, akaniwekea mezani picha ya lori lililosimama kwenye uwanja wa ndege. Alitaka niikuze iwe kubwa kama mlango. Niliikuza, na ili ipendeze nikapunguza pembeni kidogo. Aliporudi kuichukua aliitazama, akavua miwani ya kwanza, akavaa ya pili.

"Mwanangu, umenikata gurudumu la nyuma."

"Samahani, Mwalimu. Niliona pale pembeni hakuna kitu."

"Hakuna kitu? Sasa mie ntajuaje kama lina ekseli mbili au tatu? Umenikata jawabu lenyewe."

Nikaichapisha upya, na tangu siku hiyo hakutaka mtu mwingine amshughulikie. Mwenye duka, Mhindi mpole kutoka Kerala, akiona gari lake linaegeshwa nje alikuwa akikumbuka ghafla kwamba ana shughuli benki.

Kila mtu alimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha fizikia katika shule ya wasichana mpaka akastaafu, na nusu ya wanawake wa makamo wa mtaa wake wa Ghubra walikuwa wamepita mikononi mwake. Wakimwona sokoni, walirekebisha shela zao. Yeye alikumbuka alama zao zote. Nilimsikia akimwambia mwanamke mmoja mwenye wajukuu, "Wewe ungepata zaidi, lakini ulikuwa na haraka." Yule mama akainamisha kichwa kama mtoto.

Elimu yake nyingine, aliyojifunza mwenyewe, ilikuwa ni malori ya jeshi la anga la Waingereza ya wakati wa Vita vya Pili, na khasa yale yaliyovikwa deraya. Kwa wasiojua, alieleza hivi. Wakati wa vita Waingereza walikuwa na viwanja vya ndege kwenye pwani hii ya Oman, na kila kiwanja kilihitaji malori: ya maji, ya petroli, ya mabomu. Magari ya chuma ya kulinda viwanja hayakutosha. Basi wakawa wanachukua lori la kawaida, wanajenga sanduku la mbao mbili mbili juu yake, na katikati ya mbao wanajaza kokoto. Askari aliingia ndani na bunduki yake. Risasi ikipiga, inaishia kwenye kokoto. Mwalimu aliyaita "masanduku," na alipolitaja jina hilo sauti yake ililainika, na hicho kilikuwa kitu adimu.

Watu walimtafuta. Wazungu walimwandikia kutoka kwao, wakimtumia picha walizozikuta kwenye makabati ya babu zao. Vijana wa Kiomani wenye kupenda magari ya zamani walimpigia simu wakikuta chasisi imeoza wadini, kwenye bonde la mto mkavu, naye aliwasha gari lake akaenda. Nilimfuata mara moja. Aliingia uvunguni mwa kile chuma, na umri wake ule, abaya na vyote, huku wafanyakazi wa barabara wakiacha kazi kumshangaa. Tuliona viatu vya raba tu. Baada ya kitambo akatoka uso umejaa vumbi.

"Rangi nyeupe ipo kwenye difu," akasema. "Hili la vita."

Akatueleza kwamba wakati ule malori yaliendeshwa usiku bila taa za mbele, ili ndege za adui zisiyaone. Basi kwenye ekseli ya nyuma walipaka duara jeupe, na juu yake wakaweka kitaa kidogo sana. Dereva wa nyuma alifuata lile duara tu. Vijana walimsikiliza midomo wazi. Mmoja akauliza kama ana hakika. Mwalimu akamtazama vile alivyokuwa akiwatazama, nadhani, wasichana waliosahau daftari, na yule kijana akasema, "La, basi, Mwalimu, nimekubali."

Hakuwa mtu mkali tu. Majira ya joto alikuwa akijaza boksi la barafu na chupa za maji, akalizungusha kwa vibarua waliokuwa wakichimba mitaro Ghubra, akirudi nyumbani amelowa jasho. Lakini hata hao aliwakosoa: umeshika sururu vibaya, utaumia mgongo. Alichukia uongo kuliko kitu chochote, ila alikuwa akimdanganya daktari wake kila mwezi kuhusu sukari. Halwa yake aliificha kwenye friji nyuma ya bamia, akiwa anaishi peke yake, hana wa kumficha. Na mtu yule yule aliyetaka kila nati ihesabiwe, ukimuuliza kwa nini malori, alikupa jibu jipya kila mara. Siku moja alisema ni mwanafunzi aliyemletea picha, siku nyingine ni kitabu alichokiokota, siku nyingine tena ni kwamba vitu vya chuma havina maneno mengi. Niliacha kuuliza.

"Gari halisemi uongo," alipenda kusema. "Watu huvaa nguo za wenyewe wakapigwa picha. Gari linakuwa lile lile."

Nilipenda kukaa naye, ila kulikuwa na siku nilitamani ardhi ipasuke. Jirani yake mmoja, mzee sana, alikuwa dereva zamani. Jioni moja alikuwa barazani anawasimulia wajukuu jinsi alivyoendesha lori la deraya akiwa kijana, akifungua mlango wa kushoto na kuruka risasi zikilia. Mwalimu na mimi tulikuwa tunapita. Akasimama.

"Lile halikuwa na mlango upande huo," akasema. "Upande huo palikuwa na tairi la akiba."

Wajukuu wakamtazama babu yao, halafu wakamtazama Mwalimu. Mzee akasema polepole, "Pengine nimesahau," akaanza kuitafuta fimbo yake ilhali ilikuwa mkononi. Tulipofika mbali nikamwambia Mwalimu kwamba angeweza kumwachia mzee mlango wake. Akashangaa kweli kweli. "Kwani nimemtukana?" akaniuliza. Hakuona. Mimi ndiye niliyerudi Ruwi uso ukiniwaka, kwa jambo ambalo sikulifanya.

Ndipo likaja la Qantab.

Qantab ni kijiji kidogo kwenye ghuba, milima imekizunguka, na humo aliishi mzee mmoja aliyekuwa karani bandarini mpaka akastaafu. Alikulia Unguja, kwa wajomba zake, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Binti yake, Zuweina, alikuwa fundi wa maabara hospitalini, na alikuwa ameposwa na kijana wa Ghubra. Kijana huyo naye wazazi wake walitoka Unguja, lakini asili yao ilikuwa kijiji cha ndani, huko milimani. Mama wa kijana alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu zamani. Posa ilikubaliwa, watu wakafurahi, mpaka shangazi wa kijana alipokwenda Qantab na kuiona picha ukutani.

Ilikuwa picha ya babu yake Zuweina, kijana, amesimama mbele ya lori la Waingereza lenye sanduku la mbao. Ukoo ule siku zote ulisema kwamba babu aliendesha lori kwenye kiwanja cha ndege wakati wa Vita vya Pili, basi. Lakini miaka mingi baada ya vita hivyo vilikuja vita vingine, vya hapa hapa, milimani. Watu hawavizungumzi mezani. Ndege za Waingereza zilipiga vijiji, na kaka yake bibi wa yule kijana alikufa chini ya ukuta wa nyumba yake. Waingereza walikuwa na malori yao katika vita hivyo pia, na madereva walikuwa watu wa pwani. Shangazi akarudi Ghubra na swali moja: babu huyu alipigwa picha hii katika vita vipi? Kama ni vile vya kwanza, hana ubaya na mtu. Kama ni vya pili, basi alibeba mabomu yaliyowaua watu wetu, na ukoo wake umedanganya miaka yote.

Mama wa kijana, kwa kutaka amani, akasema: tumwulize Mwalimu. Pande zote zikakubali. Hakuna aliyetilia shaka ukweli wake.

Picha ililetwa kwangu niikuze, na safari hii sikupunguza pembeni. Hapakuwa na mengi ya kuona. Turubai lilikuwa limefunika kichwa chote cha lori. Lilionekana gurudumu moja, kipande cha sanduku lenye ubao uliovunjika juu, na bampa. Kwenye bampa palichorwa namba, ila babu alikuwa amesimama mbele yake. Upande mmoja wa goti lake zilionekana herufi mbili, A na F, kisha tarakimu mbili, kisha mwanga wa jua uliofuta yaliyobaki.

Tulikutana Ghubra, kwenye ukumbi wa nyumba ya kijana, baada ya Asri. Kahawa ilizunguka. Mwalimu aliiweka picha kubwa juu ya zulia, akapiga magoti, akaanza chini kama kawaida yake. Mzee wa Qantab alikaa karibu na mlango, kilemba chake kimefungwa vizuri, na Zuweina kando yake.

"Lori lenyewe ni la wakati wa vita vya Mjarumani," Mwalimu akasema. "Hilo sina shaka." Mzee akashusha pumzi. "Lakini malori haya hayakutupwa vita vilipokwisha. Yaliendelea kutumika miaka, ila yalibadilishwa namba. Namba ya vita ilianza na herufi tatu, RAF, halafu tarakimu peke yake. Namba ya baadaye ilikuwa tarakimu mbili, herufi mbili katikati, halafu tarakimu mbili."

"Na hii?" shangazi akauliza.

Zuweina ndiye aliyetangulia kusema. "Bi Mwalimu, samahani. Hapa naona A na F. Si yaweza kuwa R imefichwa na goti la babu?"

Mwalimu akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la darasani, la mwalimu aliyelisubiri kosa hilo tangu asubuhi. "Hivyo ndivyo angesema kila mpita njia, mwanangu. Ndiyo maana lazima tupime." Akatoa rula. Akaonyesha kwamba herufi zile mbili zimekaa karibu kabisa na katikati ya bampa. Kama namba ilipangwa katikati ya bampa, basi kuna nafasi ya tarakimu mbili kila upande. "Namba hii ni ya baadaye. Picha hii ilipigwa baada ya vita vya Mjarumani, tena baadaye sana. Na mbao hizi waliziweka kwa sababu ya mabomu ya ardhini."

Zuweina aliinamisha uso. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Mzee wa Qantab akasema, "Baba yangu hakuwa mwongo, Mwalimu."

"Sikusema ni mwongo. Nnasema gari halisemi uongo."

Alilisema kwa upole, nakumbuka, karibu kwa huruma. Mzee aliinuka, akaikunja ile picha kubwa katikati, ingawa ilikuwa karatasi nzito isiyokunjika vizuri, akaiweka kwapani. Akaaga mmoja mmoja kwa adabu zote. Hakuna aliyejua pa kutazama. Nilishika kikombe changu cha kahawa kitupu mpaka walipoondoka.

Posa ilivunjika wiki ile ile.

Mwalimu hakufurahi, nisimsingizie. Alisikitika. Lakini alilala usingizi mzuri, kwa sababu kwake ukweli ulikuwa umesemwa. Mtu akimtajia Zuweina, alisema, "Masikini," kisha akarudi kwenye picha zake.

Mwaka uliofuata mtu mmoja wa Ghubra, ambaye babu yake alikuwa mpishi kwenye kiwanja cha ndege, aliniletea albamu niitengeneze. Nilikuwa nafungua kurasa bila kufikiri, wapishi na masufuria, Wazungu na mbwa wao, nikafika kwenye lori. Turubai lile lile juu ya kichwa. Ubao ule ule uliovunjika. Dereva yule yule, ila alikuwa amesogea, ameegemea mlangoni, amemshika bega mpishi. Kwenye bampa, katikati, pale goti lilipoficha katika picha ya kwanza, palikuwa na ndoano ya kuvutia, na kwa ajili ya ndoano hiyo aliyeichora namba aliisukuma pembeni. R. A. F. Kisha tarakimu tano mfululizo, wazi kama za kalenda.

Nilimwomba mwenye albamu ruhusa nimwonyeshe mtu. Kisha nikampigia Mwalimu. Nilimwambia tu, "Tafadhali njoo." Nadhani sauti yangu ilikuwa imebadilika, kwa sababu hakuuliza kitu.

Alikuja. Niliiweka mbele yake. Akavaa miwani ya kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuanza na matairi. Alimtazama yule dereva usoni, muda mrefu, kisha ndipo macho yake yakashuka kwenye bampa. Nje mabasi yalikuwa yanaguruma kama kila siku.

"Zuweina aliniambia," akasema.

"Mwalimu, mtu yeyote angeweza kukosea."

"La. Mtu yeyote angepatia." Akaketi kwenye kiti cha kupigia picha za pasipoti, chini ya taa. "Kila mpita njia angepatia. Mie nilikataa kwa sababu ilikuwa rahisi. Niliona haya kusema kitu ambacho kila mtu anaweza kukisema."

Alikaa pale muda mrefu kiasi kwamba mteja aliingia, akamwona, akadhani anasubiri kupigwa picha, akajipanga nyuma yake.

Tulikwenda Qantab pamoja, mchana mmoja wa Jumamosi. Aliendesha yeye, polepole, kwenye ile barabara inayopinda kati ya milima, na hakunikosoa kitu njia nzima. Mlangoni alibisha hodi kwa sauti ndogo. Mzee alifungua. Hakushangaa, au alificha. Akatukaribisha, akatukalisha kwenye mito, akaleta tende kwa mkono wake mwenyewe. Ukutani palikuwa na msumari mtupu. Kadiri alivyotukirimu ndivyo Mwalimu alivyozidi kujikunja. Nilimwona anashindwa kumeza tende moja.

Mwisho akaiweka picha ya albamu sakafuni, akaielekeza kwa mzee.

"Ndugu yangu, nimekuja kukwambia kwamba nilikosea. Baba yako alisema kweli. Ilikuwa vita vya Mjarumani. Herufi ilikuwa nyuma ya goti lake, kama alivyosema binti yako, na mimi nikamcheka."

Mzee aliiinua picha, akaileta karibu na macho. Nilidhani atalia, au atapiga kelele, na ningependelea lolote kati ya hayo.

"Unajua nilifanya nini?" akasema. "Tulipotoka kwenu Ghubra nilikwenda makaburini. Nikasimama juu ya baba yangu nikamwambia, umetudanganya. Tangu siku hiyo kila sala nnamwombea Mungu amsamehe. Uongo wake, na watu aliowaua. Kila sala, Mwalimu. Nnamwombea msamaha wa dhambi ambayo hakuitenda. Na picha yake niliichoma, yangu na ile kubwa."

Mwalimu akavua miwani.

"Mie nililiamini gari lako kuliko baba yangu," mzee akasema. "Hiyo ni yangu, si yako. Lakini wewe ndiye uliyeniletea."

Zuweina alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Mwalimu alimgeukia, akasema, "Mwanangu, nisamehe." Zuweina akajibu, kwa adabu, "Mungu ndiye wa kusamehe, Bi Mwalimu," akarudi ndani. Tukasikia bomba la maji limefunguliwa, likaendelea kumwagika muda mrefu.

Mwalimu aliamua kwamba kilichosemwa mbele za watu lazima kirudishwe mbele ya watu wale wale. Akawaita wote nyumbani kwake. Wachache ndio waliokuja. Yule kijana alikuwa ameshaoa wakati wa baridi, akatuma salamu. Mama yake alikuja, na shangazi. Mzee wa Qantab alikuja, akakaa karibu na mlango kama mwanzo. Mwalimu alisimama mbele yao wote, akasema habari yote: rula, ndoano, herufi, tabasamu lake. Hakujipunguzia hata kidogo.

Mama wa kijana akasema haraka, "Mwalimu wangu, usijitese. Hayo yashapita."

"Kwenu yamepita," Mwalimu akasema.

"Ni kismati tu, ni riziki haikuwapo," shangazi akasema, akasogeza sahani ya halwa. Mtu akasifu halwa. Mwingine akauliza imenunuliwa wapi. Wakaanza kuzungumza habari za halwa, za Barka na za Nizwa, ipi tamu, na Mwalimu bado amesimama katikati ya chumba, mikono imeshikana mbele, kama mwanafunzi aliyesahauliwa ubaoni. Hawakuwa watu wabaya. Waliona haya kwa niaba yake na hawakujua la kuifanya haya hiyo. Lakini katika yote niliyoyaona, hilo ndilo linalonirudia. Mzee wa Qantab peke yake ndiye aliyemwambia, "Nimesikia, Mwalimu. Kaa."

Baada ya hapo aliacha malori. Alizishusha picha kubwa zote, na Wazungu waliomwandikia hawakupata jibu. Nikamwuliza kama ni macho. "Macho mazima," akasema. "Nnaloliogopa ni ulimi." Dukani akawa haji. Nikipita Ghubra nilikuta gari lake halipo, na majirani hawakujua anakokwenda. Nilifikiri, na nakiri nilipata nafuu kidogo kufikiri hivyo, kwamba ameanza kusahau.

Ijumaa moja mwaka huu, baada ya ibada, maana huku hata makanisa husali Ijumaa, sisi wanawake wa kanisa tulikwenda Qantab kuchoma nyama ufukweni. Mkaa ulikwisha, nikatumwa kijijini kununua. Nilipopita nyuma ya msikiti nikaliona gari la Mwalimu chini ya ukuta. Yeye mwenyewe alikuwa barazani kwa mzee, kwenye ncha ya mkeka, amepunguka mwili, shela yake nyeusi imefifia. Aliponiona alitaka kuinuka, akakaa tena.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umenikuta."

Mzee alikuwa ameketi kwenye mto wake. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na alinyoosha mkono pembeni kidogo ya pale nilipokuwa. Akanikaribisha. Kabla sijakaa vizuri walifika wageni, jirani mmoja na mkwewe kutoka Sur. Mzee aliwasalimu, akauliza hali za nyumbani, kisha akaelekeza mkono kwenye ncha ya mkeka.

"Na huyu hapa ni Mwalimu," akasema. "Ndiye aliyesema mbele za watu kwamba baba yangu alikuwa mwongo."

Yule mgeni wa Sur alitutazama, hakujua acheke au afanye nini.

"Ndiye mimi," Mwalimu akasema. "Na nilikosea. Baba yake aliendesha lori la kiwanja cha ndege wakati wa vita vya Mjarumani, na hakubeba mabomu ya kuwaua watu wetu. Alisema kweli."

"Umesikia?" mzee akamwuliza mgeni.

"Nimesikia, mzee wangu."

"Basi ukifika Sur, waambie na wengine."

Wakaanza mazungumzo mengine, ya bei ya injini za boti. Nikamsogelea Mwalimu. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama mzee ndiye aliyemlazimisha hivi.

"Hakunilazimisha," akasema. "Nilimwambia mie mwenyewe: kila mgeni anayeingia kwako, mwambie ni mimi. Akasema sawa, lakini ataanza yeye. Ni haki yake kuanza."

"Kila Ijumaa?"

"Ijumaa ndiyo wanakuja watu."

"Na amekusamehe?"

Alifikiri, kama alivyokuwa akifikiri juu ya picha. "Hatujafika huko."

Zuweina akatoka na dele ya kahawa. Alikuwa amevaa pete, nikaiona, sikuuliza. Alimmiminia mgeni wa Sur, jirani, baba yake, mimi. Kwa Mwalimu alifika mwisho kabisa. Mwalimu akapokea kikombe kwa mikono miwili, macho chini.

"Huchoki, Bi Mwalimu?" Zuweina akamwuliza polepole, baba yake asisikie.

"Nnachoka, mwanangu."

"Basi wiki ijayo pumzika."

"Ntakuja, inshallah."

Zuweina alimtazama kitambo, akaongeza kahawa kwenye kikombe ambacho hakikuwa kimepungua, akaenda zake. Kule njiani zilisikika sauti za wanaume wengine wanakuja, wanacheka, wanauliza kama mzee yupo. Mwalimu akaweka kikombe chini. Akarekebisha shela yake, akakaa wima.